Sahani ya Jirani wa Chini

Mkate wa kumimina si kazi, mtu asikutishe. Roweka mchele usiku, asubuhi umwage maji, uusage na tui zito la nazi mpaka ulainike. Tia hamira, sukari kwa kadiri ya ulimi wako, na iliki ya kutwanga mwenyewe, usinitilie ile ya kopo. Uache uumuke mpaka ufanye mapovu. Pasha samli kwenye sufuria, mimina, funika. Hapo ndipo watu wanapoharibu, kwa sababu mkate huu unataka moto chini na moto juu, na wao wanaupa moto mmoja halafu wanalaumu mchele. Binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa London, hunipigia simu kuniuliza kwa Kiingereza: gramu ngapi, dakika ngapi. Namwambia, mwanangu, mie ningejua gramu ningefungua duka la dawa. Tazama mkate, usitazame saa.

Kila akiniuliza namkumbuka mama yangu, na bibi mmoja wa Kimalei aliyekaa chini yetu Kilburn, na sahani yake ya bati. Na yeye mwenyewe binti yangu ndiye sababu ya yote, maana bila ya kuzaliwa kwake mama asingepanda ndege.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili na jiko, ghorofa ya juu kabisa, katika nyumba ya matofali ambayo hapo zamani ilikuwa ya familia moja. Ghorofa ya katikati alikaa mwanamke wa Kiairishi, peke yake na redio yake. Chini kabisa, penye mlango wa kutokea uani, alikaa yule bibi, mjane kutoka Malaysia, na binti yake aliyekuwa akisomea uuguzi. Treni ikipita nyuma ya nyumba, vikombe vyetu vilikuwa vikigongana kabatini. Mama siku ya kwanza alidhani tetemeko la ardhi, akashika mlango na kupiga shahada. Baada ya wiki akawa anaitumia kama saa ya jikoni.

Mie na mume wangu tuliondoka Unguja miaka kadhaa baada ya Mapinduzi. Nyumba yetu ilikwisha kwenda serikalini, baba alifariki baadaye, na mie ndiye mtoto pekee aliyebakia hai. Mama alikuwa anakaa kwenye chumba cha jamaa za baba. Watu wema, siwasemi vibaya, lakini chumba cha watu ni chumba cha watu. Akila anasikiliza nani anapita, akikohoa anaomba radhi. Niliposhika mimba tukamtumia tiketi aje aniuguze uzazi: anikande kwa maji ya moto, anifunge tumbo, anilishe, amalize arobaini yangu. Halafu arudi.

Mie sikutaka arudi. Nasema wazi. Toka siku ile nilipomwona uwanja wa ndege na baibui lake na kikapu cha ukindu, nilijua sitaki arudi kwenye chumba kile. Kwa upande wa serikali njia ilikuwapo. Tuliuliza, tukaambiwa mjane mwenye mtoto mmoja tu anaweza kuombewa ruhusa ya kukaa. Lakini serikali si mkwe. Kwetu mama hakai kwa mume wa bintiye. Atakuja uzazini, atakuja ugonjwani, atakula siku zake na kuondoka. Akikaa moja kwa moja bila ya kuitwa na mwanamume mwenyewe, kwa kinywa chake, ni aibu ya kumfanya ashindwe kutazama watu.

Na mama yangu na mume wangu, jamani, walikuwa hawasemezani. Si kwa ugomvi, kwa heshima. Walipendana kwa kukimbiana. Mume wangu alikuwa akifanya kazi gereji ya mabasi, na akirudi, kabla hajafika juu, alianza kukohoa ngazini. Alikohoa toka mlango wa yule mama wa Kiairishi, kumpa mkwewe nafasi ya kujitanda kanga na kuingia chumbani na mtoto. Yule mama wa Kiairishi akaja siku moja na chupa ya dawa ya kifua, akanambia mume wangu atakufa asipoangaliwa. Nilishindwa kumweleza. Nikaichukua dawa.

Wakijikuta chumba kimoja, walizungumza kupitia kwangu. Mama anasema, mwambie mumeo chakula kipo mezani. Mume wangu, aliyesimama pale pale, ananambia, mwambie mama ahsante. Mie katikati kama mwiko, nageuzwa huku na huku.

Basi nikajifungua. Siku chache baadaye mlango ukagongwa, nikamsikia mama akisema karibu. Yule bibi wa chini alikuwa amesimama mlangoni, mdogo wa umbo, kichwa amekifunga kitambaa cheupe, ameshika sahani ya bati yenye maua mekundu katikati na ukingo wa kijani uliobanduka banduka. Juu yake kibua kimoja cha kuchoma, kikavu, kimepakwa manjano na pilipili manga. Akakionyesha, akanionyesha mie kitandani kupitia mlango ulio wazi, akajigusa tumbo lake. Akashuka zake.

Mama akakishika kile kisamaki, akakinusa, akakigeuza. Kwetu mzazi hupewa pilipili manga, asile vitu vya majimaji wala vya baridi. Nimelala pale nikamsikia anasema peke yake kwamba huyu mwanamke anajua mzazi ni nini. Kwa mama yangu, hiyo ilikuwa shahada ya chuo kikuu.

Ukitaka kukipika, ni rahisi mno. Kipasue kibua mgongoni, kikaushe vizuri. Twanga manjano, pilipili manga, kitunguu thomu na chumvi, upake ndani na nje, ukiache kidogo kishike. Choma juu ya makaa yaliyokwisha kushika majivu, usichome juu ya ndimi za moto. Huna makaa, washa grili ya jiko. Kikitoa mafuta yake chenyewe, kimeiva.

Lakini mama alikuwa na jambo la kufanya sasa: sahani ya watu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Huna kitu, utatia hata sukari, hata chumvi ya mkono mmoja, lakini tupu hairudi. Akaroweka mchele wa mkate wa kumimina, na hapo ndipo tulipogundua kwamba lile jiko letu la gesi halijui kupika. Kwetu mama hutia makaa chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko. Hapa oveni iliivisha chini, juu pakabaki peupe kama mgonjwa. Mama akakasirika na oveni kama anavyokasirika na mtu, akaifunga mlango kwa mguu. Mkate ukashuka chini vile vile, mweupe.

Sahani ikarudi kesho yake. Ilikuwa na keki ya mihogo, ya tui na sukari ya mnazi, ya rangi ya dhahabu juu na chini. Na nyuma ya sahani alikuja bibi mwenyewe, akaingia moja kwa moja jikoni bila ya kukaribishwa mara ya pili, akafungua oveni yetu, akaionyesha: chini. Halafu akavuta ile sehemu ya grili, akaipiga kwa kidole: juu. Mama akapiga makofi. Kumbe na kwao keki huokwa kwa moto chini na moto juu, makaa juu ya kifuniko vile vile. Wakashikana mikono pale jikoni, kila mmoja anasema lugha yake, hakuna anayemfahamu mwenzake, na wote wawili wanaeleza jambo moja. Toka siku ile ndivyo ninavyofanya mpaka leo: mkate unaiva chini kwenye oveni, halafu unapelekwa chini ya grili mpaka juu upige wekundu.

Ile keki ya mihogo mama aliila akaniachia kipande. Nikaona ananitazama.

"Na hawa," akasema, "nao hawarudishi sahani tupu."

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Maana ukichukua watu wawili wenye ada moja, sahani haina pa kutua. Ilishuka na visheti, ikapanda na samaki. Ilishuka na keki ya mayai, ikapanda na vijiti vya kuku. Mimi nanyonyesha, nasikia tu hatua za mama ngazini, zinashuka, zinapanda, na mlango wa chini unafunguliwa kabla haujagongwa.

Vijiti vile ndivyo sate, na siku mama alipoviona mara ya kwanza alivicheka. Mishkaki ya watoto, alisema, vipande vidogo halafu vina sukari. Akavila vyote. Siku ya pili alishuka uani kwenda kutazama, nami nikamtazama yeye kutoka dirishani. Bibi alikuwa amegeuza karai bovu kuwa jiko, na waya wa oveni kuukuu juu yake. Kuku wa mapaja, asiwe kidari maana hukauka. Umkate vipande vya kiasi cha ncha ya kidole. Saga kitunguu, mchaichai, tangawizi, manjano na bizari ya pilau, tia chumvi, na sukari usiionee choyo kwa kuwa ndiyo inayoleta ule wekundu na harufu. Achia toka asubuhi mpaka jioni. Vijiti uviroweke maji, la sivyo vitaungua kabla ya nyama. Na siri yenyewe ni hii: chukua shina la mchaichai, uponde ncha yake mpaka iwe nyuzi nyuzi, ndiyo brashi. Chovya kwenye tui na mafuta kidogo, pakaza nyama ikiwa motoni. Mchuzi wake ni njugu za kukaanga na kusagwa, ukwaju, pilipili, sukari. Siku ukiona uvivu, ile siagi ya njugu ya chupa inafaa, wala hutafungwa.

Viungo vyote hivyo tulivipata barabarani hapo Kilburn, duka la Mhindi mmoja aliyezaliwa Kisumu, aliyekuwa akitutukana kwa Kiswahili cha bara kwa kuponda mchaichai wake kabla ya kulipa. Kitu ambacho hatukukipata, na tulishukuru, ni ule uduvi wao wa kuvundishwa wanaoukaanga kwenye pilipili. Siku ya kwanza bibi alipoukaanga ule aliotumiwa kutoka kwao, harufu ilipanda ghorofa zote. Mama alitafuta panya amefia wapi. Akainua zulia. Yule mama wa Kiairishi akafungua dirisha akaita watu wa bomba. Lakini pilipili ile ilipopakwa kwenye samaki na samaki akachomwa, wote tuliinyamazia, na mama wa Kiairishi akawa wa kwanza kushuka na sahani yake mwenyewe. Yake yeye kila mara ilishuka tupu, imeoshwa vizuri. Mama alimsamehe, akasema hawakufundishwa.

Arobaini yangu ikaisha. Mama akanikanda mara ya mwisho, akanipaka liwa mwilini ninukie, akanambia mwanangu umesimama sasa, nitafutieni siku ya ndege.  Nikamuuliza haraka ya nini. Akasema haraka ya mtu kurudi kwake. Halafu akatazama jikoni, pale ilipokuwa sahani ya bati na mabaki ya mchuzi wa njugu.

"Nirudishe kwanza sahani ya watu. Siwezi kusafiri na sahani ya watu."

Akatia keki, ikashuka. Jioni ile ile ikapanda na samaki. Mama akasema ala, akaweka safari kando. Akatia kaimati, ikashuka. Ikapanda na ndizi za kuchoma zilizopakwa tui la chumvi. Nami nikaanza kumwona mama yangu jinsi alivyo. Mwanamke aliyetaka kweli kumaliza jambo lile angetia konzi moja ya sukari tu, kama watu wanavyofanya kwetu, ikafahamika kuwa imekwisha. Nikamchokoza, nikamwambia hayo. Akanuna, akatia sukari, akaipeleka mwenyewe na pua juu.

Kesho yake sukari ile ilirudi ikiwa keki. Ilikuwa ya kijani kama jani bichi, laini, na harufu yake mama aliivuta akafumba macho. Akasema mkadi. Kweli, lile jani lao wanalotia kwenye keki lina harufu ya undugu na mkadi wetu, ule tunaoutia kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia, na kutandaza kitandani kwa bi harusi. Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni na kipande cha keki mkononi, machozi yanamtoka, na huku anacheka. Akasema hii nayo haiwezi kurudishiwa kwa mara moja.

Keki hiyo nayo si ngumu: mayai na sukari vipigwe mpaka mkono uchoke na viwe vyeupe, unga uchungwe mara mbili, tui kikombe, mafuta kidogo, na maji ya lile jani, au chupa yake kutoka duka la Mchina. Usifungue oveni kuchungulia. Mwanangu huchungulia, ndiyo maana yake hubonyea.

Miezi ikenda hivyo. Mie nafurahi kimyakimya, lakini nilijua sahani si ruhusa. Usiku nikimsikia mama anageuka kitandani, najua anawaza. Nikamwambia waziwazi, mama, kaa. Akasema, wewe ni mwanangu, wewe utasema hivyo hata kama hakuna pa kulala. Nikamwambia mume wangu pia anataka. Akanitazama kama nimempa pesa bandia. Akasema hayo ni maneno yangu, mwenye nyumba hajasema.

Nikaenda kwa mwenye nyumba. Yeye akashika kichwa. Alimpenda mama, alikuwa akivizia chakula chake kama paka. Lakini akanambia, mie nitamwambiaje mkwe wangu? Nikimwambia kaa, itakuwa nimemwamrisha. Na nikimwuliza unataka kukaa, itakuwa nimemwonyesha kwamba nahesabu siku zake. Wewe mwambie. Nikamjibu nimemwambia, haniamini. Akasema basi Mungu atafungua. Wallahi nilitamani niwagonganishe vichwa. Watu wawili wanataka kitu kimoja, chini ya dari moja, na heshima imewakaba koo.

Vuli ilipoingia, binti wa bibi akamaliza uuguzi. Wakawa wanarudi kwao. Wiki nzima tulisikia wakivuta masanduku. Sahani ilikuwa kwao wakati huo, mama alikuwa ameipeleka na mkate wa kumimina mzima, mwekundu juu na chini.

Siku ya kuondoka bibi alipanda na bintiye. Alikuwa na sahani mkononi, imeoshwa, kavu, haina kitu. Mama aliiona tokea mlangoni, na uso ukambadilika. Bibi akamwekea mikononi, akaifunika mikono ya mama kwa yake, akasema maneno mengi polepole. Binti akanieleza kwa Kiingereza, nami nikamweleza mama: jiko lao limekwisha kufungwa, hana cha kutia, lakini pia hairudishi. Sahani si yake tena. Anampa mama, iwe yake.

Wakakumbatiana. Mama hakulia mbele yake. Alimsindikiza mpaka kwenye gari, akapandisha ngazi pole pole, akaiosha ile sahani safi mara nyingine, akaipachika ukutani juu ya sinki. Halafu akanambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba sasa hana sahani ya mtu. Sahani hii nibaki nayo mie, mzigo wake unatosha. Tumtafutie siku ya ndege.

Safari hii hakukuwa na samaki wa kupanda. Sanduku likashushwa kutoka juu ya kabati, kanga zikakunjwa. Nilipika sikula. Nilimpa mtoto ziwa huku nikilia, na mama ananikemea nisimnyonyeshe mtoto huzuni. Mume wangu aliona yote. Nami nilikuwa nimechoka kumwomba aseme, nikamnunia.

Jumamosi, ndege ikiwa wiki ya pili yake, niliamka nikakuta sufuria yangu kubwa imefunikwa kwa sahani. Nikafunua, harufu ya mchaichai na manjano ikanipiga. Nikadhani mama. Mama akadhani mie. Alasiri, mvua ya rasharasha inaanguka, nikasikia mtu anakokota kitu uani. Nikachungulia dirishani na mtoto begani. Mume wangu, ambaye hata chai alikuwa akiletewa, amechuchumaa mbele ya lile karai bovu aliloliacha bibi, anapuliza makaa kwa kifuniko cha boksi. Kumbe muda wote ule alikuwa akitazama dirishani kama sisi. Moshi ulikuwa unamwingia machoni, na mama wa Kiairishi ametoa kichwa dirishani kwake anampa maelekezo. Alishika kijiti cha moto akakitupa, akakiokota, akakifuta kwenye suruali. Nilicheka mpaka mtoto akaamka.

Mama yuko jikoni, anapepeta mchele wa usiku. Hana habari.

Mume wangu hakukohoa. Toka mama alipofika kwetu, hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyopanda ngazi bila ya kukohoa. Akapita mbele yangu na vijiti amevipanga kimoja kimoja kwenye bakuli, akaingia jikoni, akaishusha ukutani ile sahani ya bati, akavipanga juu yake. Mama alikuwa hana pa kukimbilia, mlango ameuziba yeye. Alivuta kanga usoni, akageukia sinki. Mume wangu akasimama nyuma yake, macho chini, sahani ameishika kwa mikono miwili, mkono mmoja umeungua.

"Mama," akasema, yeye mwenyewe, si kwa kinywa changu. "Hii ni sahani ya nyumba hii, na mimi ndiye niliyeijaza. Naomba usinirudishie tupu."

Treni ikapita, vikombe vikagongana. Mama hakugeuka mpaka vilipotulia. Kisha akageuka, kanga bado imeshikwa kwa meno, akanyoosha mikono miwili akaipokea. Akachukua kijiti kimoja. Akageuza uso pembeni, kwa heshima, akala mbele ya mkwewe. Nilimwona anatafuna, anatafuna, anameza kwa taabu.

"Mwambie mumeo," akanambia, "nyama yake imeungua nje na ndani mbichi."

Mume wangu, amesimama pale pale, akasema, "Mwambie mama, nitajifunza."

Mie sikupeleka neno la mtu yeyote. Mama akaivuta sufuria, akaviweka vile vijiti juu ya moto mdogo, akamalizia kuviivisha mwenyewe, akavigeuza kimoja kimoja. Tukavila sote watatu siku ile, yeye jikoni, sisi sebuleni, mlango wazi.

Asubuhi nilipoingia jikoni nilikuta sahani imeoshwa, ipo kavu mezani. Kando yake bakuli la mchele uliorowekwa, na iliki ya kutwanga kwenye kikombe. Sanduku lilikuwa limerudi juu ya kabati, na mama alikuwa amepiga magoti mbele ya oveni, anaiwasha.